Mantova ni Karibu Mno

Mama yangu, Iolanda, alisinzia akiwa amesimama. Ilikuwa katikati ya Oktoba, kwenye kiwanda kikubwa cha udobi kinachofua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wazee, mbele ya mashine ya kunyooshea ambayo hulishwa shuka lenye unyevu upande mmoja, ikalitoa upande wa pili likiwa kavu na bapa. Mwenzake aliyekuwa akipokea upande ule aliona shuka haliji. Alizunguka kutazama, akamkuta mama amefumba macho, vidole vikiwa vingali vimeshika pindo, na pindo lenyewe likivutwa polepole kuelekea kwenye roli la moto. Alimshika kiunoni akamvuta nyuma. Hakuungua. Msimamizi, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimkalisha juu ya kapu la nguo chafu, akamwambia kwamba daraja la mwaka huo lilikuwa lake lote, na kwamba siku hizo hataki kumwona kazini.

Daraja kwetu ni ile siku ya kazi iliyobanwa kati ya sikukuu na mwisho wa wiki, ambayo watu huiruka. Mwaka huo Sikukuu ya Watakatifu Wote iliangukia Alhamisi. Mwenye kuiruka Ijumaa alipata mapumziko ya kutosha kwenda mahali na kurudi, na Casalmaggiore nzima ilikuwa imeanza kuulizana nani anakwenda wapi. Mama hakuwa ameulizwa. Tangu baba alipougua, hakuwahi kulala nje ya nyumba yetu isipokuwa kwenye kiti cha hospitali. Baba alipofariki, miaka miwili nyuma, tulidhani angepumua. Lakini kabla majani ya mwaka ule hayajapukutika, Bibi Argia, mama yake baba, anayekaa ghorofa ya juu yetu, alianguka akavunjika nyonga, na mama akaanza kupanda ngazi na trei asubuhi, mchana na jioni.

Kisa cha mashine alinisimulia akimenya viazi, kwa sauti ya mtu anayeeleza mambo ya jirani. Nilikuwa nimerudi kwa treni ya jioni kutoka Parma, ng'ambo ya mto, ambako nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya historia. Nilimwambia ni lazima aende mahali. Alijibu kwamba mahali pazuri kuliko pote ni kitandani. Nilimkumbusha kuwa kitanda chake kiko chini ya miguu ya bibi, na kila bibi anapoburuta kiti yeye hufumbua macho. Hakubisha. Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, kwamba ningekuwa mimi, ningekwenda wapi.

Nilisema Siena.

Nilikuwa na sababu zangu, na sizionei haya mpaka leo. Katika jumba la baraza la mji ule kuna ukuta uliochorwa picha ya mji unaotawaliwa kwa haki. Mafundi wako juu wakijenga, wanawake wanacheza barabarani wakiwa wameshikana mikono, mkulima anaswaga nguruwe wake kuelekea langoni, na hakuna hata uso mmoja wenye hofu. Watu wa zamani wa mji ule waliiweka picha hiyo mbele ya macho ya viongozi wao, ili kila wanapokata shauri waone ni kitu gani waliapa kukilinda. Niliona ni dhuluma, tena dhuluma ya kimyakimya, kwamba mwanamke aliyefua mashuka ya wagonjwa wa mkoa mzima hajawahi kusimama mbele ya ukuta kama ule, ilhali ulichorwa kwa ajili ya watu kama yeye. Nilimweleza yote hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, viazi vikiwa vimekwisha kumenywa, kisha akauliza kama huko Siena kuna milima.

Nilisema kuna vilima.

"Vilima," alisema, akaosha kisu.

Jumapili Shangazi Wilma, dada yake baba, alikuja kutoka Cremona kama kawaida yake, na Bibi Argia akashushwa chini kwa ajili ya chakula. Mimi, kwa haraka yangu, nililitaja jambo la Siena mezani kabla mama hajalikubali, nikitumaini kwamba likishasemwa mbele ya watu litakuwa limeanza kuwa kweli. Shangazi Wilma alimwelekezea mama uma.

"Siena? Huyu? Wifi, wewe ni mtu wa tambarare. Hata tuta la mto unalipanda ukihema. Utafika nusu ya mji, wakubebe kwa farasi."

Nilimwambia kwamba mbio za farasi za Siena ni za Julai na Agosti tu.

"Basi hata farasi hakuna," alisema. "Maskini wifi yangu."

Mama alicheka kidogo, kicheko cha pua, na nilifurahi kukisikia. Bibi Argia hakucheka. Alikuwa akifikiria kitu kingine. Aliuliza ni siku zipi hasa, na alipoambiwa kwamba ni kuanzia Jumatano jioni mpaka Jumapili, aliweka kijiko chake kando ya sahani, sawasawa, kama anayekilaza.

Alasiri ya Watakatifu Wote, kwetu, padri hupita makaburini na kipaza sauti na maji ya baraka, na kila ukoo husimama kando ya kaburi lake mpaka apite. Hakuna anayeita majina ya walio hai. Hakuna haja, kwa kuwa watu wana macho. Kaburi linaweza kupambwa kwa krisantemo zilizojaa kuliko zote, yale maua yetu ya wafu ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayempelekea mgonjwa. Lakini ikiwa aliyepaswa kusimama pale hayupo, jina lake litazungumzwa njia nzima ya kurudi mjini, na tena kesho yake dukani kwa mwokaji. Bibi Argia amesimama kwenye kaburi la babu tangu baba yangu alipokuwa mvulana wa kaptura. Mwaka mmoja alisimama akiwa na homa, ameshikiliwa kwapani na mabinti wawili wa jirani, na habari hiyo huelezwa hadi leo kama ushahidi wa jinsi watu walivyokuwa watu.

Bibi hakukataza. Yeye hakatazi, hupanga. Alisema kwamba kama ni mji wa zamani unaotafutwa, Mantova ni mji wa zamani. Una kasri lenye vyumba ambavyo hakuna aliyewahi kuvimaliza, una maziwa pande tatu, umelala chini kama kiganja. Basi linapita Sabbioneta na kufika kabla mtu hajamaliza rozari. Iolanda angekwenda Jumatano jioni, Alhamisi mchana mume wa Wilma angemfuata kwa gari, angesimama kwenye baraka kama inavyopasa, na Ijumaa, akipenda, angerudi akamalizie.

Shangazi Wilma alisema hiyo si likizo, ni zamu.

Bibi alimjibu kwamba mtu anayepeleka maua ya plastiki kwenye kaburi la mumewe wa kwanza hapaswi kuwa na maoni. Shangazi akajitetea kwamba plastiki haifi. Mazungumzo yakahamia kwenye maua, na mama akainuka kuondoa sahani. Akiwa mlangoni, bila kugeuka, alisema atafikiria.

Tangu siku hiyo miji miwili ilikaa nyumbani kwetu kama wageni wawili wasiosemeshana. Kila mama alipopanda na trei, alikutana na Mantova. Bibi alikumbuka sherehe fulani ya huko, au aina ya keki ngumu inayovunjwa kwa mkono, au binamu aliyeoa kule na hakujuta. Kila nilipotoka chuoni, mama alikutana na Siena. Nilimwonyesha jinsi uwanja wake mkuu unavyoteremka kutoka pande zote kama bakuli. Nilimweleza treni zote, kwamba tungebadili Parma, kisha Bologna, kisha Firenze, na kwamba ningebeba mizigo mimi. Hata kule kazini wenzake waligawanyika, wengine wakasema wanawake wa Siena wana maringo, wengine wakasema mbu wa Mantova hawafi mpaka Desemba. Alikuwa amepewa likizo, na likizo yenyewe ikageuka kazi ya ziada. Niliona anavyokawia kuingia nyumbani. Jioni moja nilimkuta ameketi ndani ya gari lililozimwa, mbele ya mlango wetu, mikono juu ya usukani. Nilipogonga kioo, alisema alikuwa anakuja.

Jumamosi iliyotangulia sikukuu tulikwenda kuosha kaburi. Bibi hawezi tena kupiga magoti, kwa hiyo kazi ni ya mama: ndoo, brashi, sabuni ya mche, na kisu kidogo cha kukwangulia ukoga kwenye herufi. Ukungu ulikuwa haujainuka. Huwezi kuona safu ya tatu, lakini unasikia brashi kila upande, wanawake wa mji mzima wamepiga magoti wakisugua majina ya ukoo wa waume zao. Jiwe la akina Sarzi, ukoo wa baba, ni la zamani, jeusi, na linaonyesha kila tone. Mama alianza na jina la babu, akaja la baba: Giordano, herufi bado zina makali.

Bi Zaira, ambaye mumewe yuko mawe mawili kutoka kwetu, alitokea ndani ya ukungu akiwa na mkebe wa maji. Alisalimu, akapima vyungu vyetu vya maua kwa jicho, akasema vimechanua mapema kidogo lakini vitafika. Kisha akasema amesikia tuna safari.

"Siena, naambiwa. Au Mantova? Mkweo anasema Mantova."

Mama alisema bado.

"Mantova ni pazuri," Bi Zaira alisema. "Ni hapo tu. Mtu anakwenda, anarudi, anasimama na watu wake." Alimshika mama bega, kwa upole wa kweli kabisa, akaenda zake.

Mama aliendelea kusugua herufi ile ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Unajua mimi Mantova naijua vipi?" alisema hatimaye. "Nayajua maegesho ya hospitali. Naijua lifti. Naijua mashine ya kahawa, na kitufe cha sukari unakibonyeza vipi ili isikupe nyingi. Miaka mitatu nimekwenda na kurudi, Noemi, na hilo kasri lao sijaliona hata paa."

Nilihisi, na nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, furaha ya mtu aliyeshinda mjadala. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe. Mtu hawezi kupumzika mahali alipoteseka. Ndiyo maana Siena. Alizamisha brashi ndani ya ndoo, akaikung'uta.

"Na huko Siena utanionyesha vitu vingapi?"

Nilisema si vingi. Ukuta ule, kanisa kuu, pengine na hospitali ya zamani ya mahujaji, ambayo siku hizi ni makumbusho. Nililisikia neno hospitali baada ya kulitamka.

"Mwanangu, mimi nimechoka kutazama," mama alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. "Nimetazama dripu. Nimetazama uso wa baba yako kila asubuhi nikitafuta rangi. Sasa natazama nyonga ya bibi yako, na shuka, na shuka lingine. Ukinisimamisha mbele ya huo ukuta wako, hata uwe mzuri namna gani, nitautazama kama niko kazini. Nitangoja mtu aniambie inatosha."

Nilitaka kumwambia kwamba ukuta ule haumdai mtu chochote, kwamba huo ndio uzuri wake. Bado naamini hivyo. Lakini mikono yake ilikuwa myekundu kwa maji baridi mpaka viwikoni, na maneno yangu, niliyoyabeba kutoka Parma yakiwa yamepangwa vizuri, hayakupata mahali pa kukaa. Nilichukua ndoo nikaenda kubadili maji.

Alitoa uamuzi wake Jumatatu, juu kwa bibi, akiwa anapanga vyombo vya chakula cha jioni kwenye trei. Nilikuwa nimempandishia bibi gazeti. Bila kututazama, mama alisema kwamba atakwenda Mantova.

Nilijua nimeshindwa, na nilijua pia kwamba halikuwa shindano, ingawa kulijua hilo hakukunisaidia sana. Bibi Argia aliegemea mto wake. Uso wake ulilainika kabisa; alionekana mtu aliyekuwa ameshikilia mlango dhidi ya upepo na sasa upepo umetulia. Alisema ni uamuzi wa busara, na kwamba atamwambia mkwewe wa Cremona alete gari Alhamisi baada ya chakula cha mchana.

"Asilete, Mama," mama alimwambia. Ndivyo anavyomwita tangu aolewe. "Sitarudi Alhamisi. Nitarudi Jumapili."

Bibi alimtazama kama ambaye hakusikia vizuri.

"Lakini uko Mantova."

"Ndiyo."

"Mantova ni hapo." Bibi alinyoosha mkono kuelekea dirishani, kana kwamba minara yake inaonekana. "Ungekuwa Siena, ningewaambia watu ni mbali, ni treni, ni huyu mtoto na vitabu vyake amekuburuta. Wangesema hakuweza. Ukiwa Mantova watasema hakutaka."

"Watakuwa wamesema kweli."

"Iolanda."

"Kaburi limeoshwa, Mama. Maua yapo, nimeyanunua mwenyewe, na Wilma atakushika mkono. Siena ningekwenda kama mtu aliyetoroka. Sitaki kutoroka, sijaiba. Nataka kulala. Mantova kuna vitanda, na hakuna vilima, na simjui mtu."

"Na mimi niwaambie nini wakiniuliza?"

"Waambie nimechoka."

Bibi Argia alivuta shali yake. "Kuchoka si neno la kwenda kumwambia mtu makaburini," alisema. "Nani hajachoka? Mimi nilisimama na homa."

"Najua," mama alisema. "Nimeambiwa mwaka wa kwanza nilioolewa, na kila mwaka." Alimsogezea supu. "Kula kabla haijapoa."

Alikula. Hawakusemezana tena usiku ule, wala kesho yake, zaidi ya mambo ya dawa na chumvi. Mama alipanda na trei kama kawaida, na bibi alipokea kama kawaida, na ukimya wao ulisikika mpaka chini. Nilikwenda kumwomba bibi amwelewe. Nilimweleza juu ya mashine, juu ya pindo la shuka lililokuwa likivutwa kuelekea motoni, jambo ambalo mama alikuwa amemficha. Alinisikiliza huku akinyoosha na kukunja kona ya gazeti, kisha akaniuliza kama nimemaliza. Nilisema ndiyo. Alisema nifunge mlango nikitoka, kuna baridi.

Jumatano mama alitoka kazini, akapita nyumbani kunichukua mimi na begi, tukaenda kituo cha basi. Begi pekee la safari tulilokuwa nalo lilikuwa lile la hospitali, na hakutaka kulitumia. Alikuwa ameazima la wifi yake, jekundu, lenye gurudumu moja lililolegea. Gari aliliacha nyumbani. Alisema njia ile ameiendesha vya kutosha, mara hii aendeshwe. Shangazi Wilma alikuwa ameshafika kukaa na bibi, akatupungia mkono kutoka mlangoni. Dirisha la juu halikufunguka.

Ndani ya basi aliketi upande wa kioo akiwa bado ana harufu ya sabuni ya dobi. Ukungu ulikuwa umefunika mashamba. Kila baada ya kitambo mti wa mpopla ulitokea na kumezwa tena. Tulipopita njia panda ya kuelekea hospitalini, mama aligeuza kichwa, akaifuata kwa macho mpaka ikapotea. Nami nilikuwa nimejifunza, walau kwa jioni ile, kutomsemea.

Nyumba ya wageni ilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya uwanja wa soko, ya mwanamke mmoja mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alituuliza tumetoka wapi.

"Casalmaggiore?" alisema, akacheka kwa wema. "Si mngekuja tu mkarudi?"

"Tungeweza," mama alimjibu.

Chumbani, kitu cha kwanza alichofanya ni kuinua pindo la shuka na kulipitisha kati ya vidole. Alisema limenyooshwa kwa pasi ya mkono, na aliyenyoosha ana haraka. Kisha akakaa juu yake, akalala bila kula.

Alhamisi aliamka jua likiwa limekwisha kupanda, nilikuwa nimesoma sura nzima nikimsubiri. Alikunywa kahawa aliyopikiwa na mtu mwingine, akaomba nyingine. Tulitembea chini ya matao mpaka uwanjani, polepole sana, akisimama mbele ya madirisha ya maduka yaliyofungwa bila kutazama chochote kilichokuwa ndani. Mbele ya kasri alisimama akaangalia juu, matofali mekundu na madirisha yake mengi.

"Kumbe ndilo hili," alisema. Akaongeza kwamba ni kubwa, na kwamba anamhurumia aliyekuwa akilifagia.

Nilikuwa nimetuwekea nafasi ya kuingia alasiri, katika chumba kile walimochorwa mtawala wa zamani na watu wa nyumba yake wameketi kama wanaongoja barua, mbwa wao amelala chini ya kiti, na juu darini kuna tundu la mviringo lililochorwa mbingu, na wanawake wanainama kutoka mbinguni kutuchungulia. Nilimwambia kwamba hapo hatalazimika kutazama. Wao ndio watakaomtazama yeye. Alitabasamu, akasema hilo ni wazo zuri. Tulikula mkate na jibini tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa ziwa, kisha akasema ajinyooshe kidogo kwanza, kidogo tu, halafu twende.

Alijinyoosha. Alikuwa amevua kiatu kimoja, akainama kukifungua cha pili, akabadili nia. Kabla sijavua koti langu alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda.

Nilikaa kwenye kiti. Muda wa kuingia kasri ulikaribia. Mara mbili niliinuka nimguse bega, maana niliwaza kwamba angejuta, kwamba ametoka mbali kwa namna yake kuja kukiona kitu hicho kimoja, na mara zote mbili nilikaa tena. Nje, kengele za kanisa moja zilianza, zikadakwa na za kanisa jingine. Ilikuwa saa ya baraka. Nyumbani, ndani ya ukungu, watu walikuwa wanatafuta mahali pao kando ya mawe.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa ya Shangazi Wilma, lakini sauti ilikuwa ya bibi. Nilitoka hadi ujiani, nikaufunga mlango nyuma yangu taratibu.

"Yuko wapi?" Bibi Argia aliuliza. Nyuma yake nilimsikia padri kwenye kipaza sauti, akisoma majina ya waliofariki mwaka huo.

"Amelala, Bibi."

"Saa hizi?"

"Ndiyo. Alitaka tutoke, usingizi ukamchukua."

Padri alisoma jina, kisha jingine. Nilisimama nikiwa nimeyapanga maneno yote ya kumtetea mama, maneno ya haki na ya heshima, nikingoja nafasi ya kuyatoa.

"Amevua viatu?" bibi aliuliza.

"Kimoja."

"Mvue na cha pili. Miguu inamvimba, hiyo." Alipumua, pumzi ndefu ya mtu anayeegemea mkongojo. "Usimwamshe."

Hakukata simu, nadhani hajui namna ya kuikata. Nilimsikia akihema, nikasikia changarawe chini ya miguu ya watu waliokuwa wakisogea na padri, kisha sauti ya mwanamke, karibu, iliyouliza jambo. Naamini alikuwa Bi Zaira.

"Yuko Mantova," bibi yangu alijibu. "Amelala."

Yule mwanamke alisema kitu kingine, kwa sauti ya chini, ambacho sikukipata.

"Nimesema amelala," bibi alirudia, mara hii kwa sauti ambayo watu wa safu ya nyuma pia lazima waliisikia. "Amechoka. Sogea huko, padri anapita."

Nilirudi chumbani, nikafungua kamba za kiatu cha pili, nikakivuta polepole. Mama aligeukia ukutani, akajikunja, akaendelea kulala.